Binti wa Jaji Asiyeamini Dhambi

Siku waliyomnyonga Toinon, kijakazi wa mshona glavu, jaji aliyetia sahihi hukumu yake alikula vizuri sana. Alikula bata kwa mchuzi wa haradali, akala maandazi ya jibini, akamiminiwa mvinyo mwekundu mara kadhaa, na kila alipomaliza bilauri alifuta midomo polepole kama mtu asiye na haraka na dunia. Jaji huyo ni Bwana Théodule de Chavannoy. Katika mji wote wa Dijon hapakuwa na meza iliyosifiwa kama yake, kwa chakula na kwa maneno. Yaliyosemwa pale, kama yangesemwa barabarani, yangempeleka mtu gerezani.

Binti yake wa pekee, Apolline, alikaa mwisho wa meza na uma mkononi, sahani haijaguswa. Asubuhi ile alikuwa amesikia kengele, kisha kelele za umati, kisha kimya. Apolline alikuwa akimjua Toinon. Ndiye aliyekuwa akileta glavu nyumbani pale zikishashonwa, msichana mwenye madoadoa puani, anayecheka kwa kuficha mdomo. Alibeba mimba hana mume. Akaificha. Hakwenda kwa hakimu kuiandikisha, kama sheria ya mfalme ilivyomtaka kila mwanamke wa aina yake, na mtoto akazaliwa ghalani, amekufa. Sheria haikuuliza kama aliuawa au alikufa kwa kudra. Mimba imefichwa, mtoto hayupo, basi: kitanzi.

Mezani hakuna aliyemtaja. Padre Roussignol, padre asiye na parokia, aliyekula mapato ya kanisa na kulicheka kanisa lenyewe, alikuwa ameshika zamu ya kusema.

"Usafi wa mwili!" alisema, mashavu yamemwiva kwa mvinyo. "Nani kaubuni? Wazee walioishiwa nguvu. Walipoona hawawezi tena, wakasema ni dhambi."

Watu wakaangua kicheko. Bwana de Chavannoy akaongeza, kwa ile sauti yake laini ya mahakamani, "Asili haijui aibu. Njiwa hawaombi ruhusa ya askofu."

Apolline alijisikia akisema kabla hajaamua kusema. "Baba, kama si dhambi, Toinon kanyongwa kwa nini?"

Visu vikatulia kwenye sahani. Baba yake akamtazama, na taratibu akatabasamu, kama mwalimu aliyefurahishwa na mwanafunzi.

"Swali zuri. Mwanangu, ukweli ni kama mvinyo huu. Mpe aliyezoea, atachangamka. Wape watumishi, watakuvunjia vyombo. Sisi tuliokaa hapa tuna ukweli. Watu wa chini wana sheria."

"Na mimi nipo upande gani?"

"Wewe? Wewe ni binti yangu!"

Wakacheka tena, naye akacheka pamoja nao, maana alidhani amejibiwa.

Mmoja tu hakucheka. Alikuwa tabibu kijana, Florent Daubrac, mtu mwembamba mwenye vidole vilivyochafuka wino, aliyeandika makala juu ya maumbile na kuzisoma pale mezani kwa sauti ya kutetemeka. Wakati wa kuagana alimkuta Apolline kwenye ngazi. "Ulichouliza leo," alimwambia, "mimi nimejiuliza mwaka mzima. Tofauti yetu ni kwamba mimi niliogopa."

Mapenzi yao yalianzia hapo. Apolline alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, ametoka shule ya masista akiwa na kichwa kimejaa jehanamu, na ndani ya nyumba ya baba yake alikuwa ameambiwa jehanamu haipo. Alipompenda Florent hakujiona mwizi. Alijiona mtu aliyeingia chumba cha nyumba yake mwenyewe.

Kwaresima ilipofika, hali ya hewa ya mji ikageuka. Walimkamata mwuza vitabu wa mtaa wa nyuma, wakamkuta na vitabu vilivyopigwa marufuku vimefichwa ndani ya mapipa ya siki. Uvumi ukaenea kwamba katika mji mwingine kijana wa ukoo mzuri ameshtakiwa kwa kutovua kofia maandamano ya Ekaristi yalipopita, na kwamba waendesha mashtaka wanatafuta wengine kama yeye. Meza ya Bwana de Chavannoy ikapungua watu. Huyu ana mafua, yule amekwenda shambani, mwingine mkewe hajisikii vizuri.

Alasiri moja Florent alikuja bila kofia, uso umempauka kama unga.

"Yule mwuza vitabu amenitaja. Navuka milima, naenda Neuchâtel, nje ya ufalme."

"Twende wote."

"Mpakani wanapekua watu, Apolline. Mwanamume peke yake ataambiwa ni mchuuzi. Wewe na mimi tutaambiwa nini? Nikifika, nitakuita."

"Lini?"

Alimbusu mikono yote miwili, akatazama dirishani kama mtu anayesikia hatua, akaenda zake. Wala hakurudi.

Haukupita muda mrefu, Apolline akajua kuwa ana mimba.

Kwanza alijidanganya kuwa ni tumbo la kuvurugika. Kisha ikawa hawezi kusikia harufu ya kitunguu. Akawa anafunga mshipi wa gauni kwa nguvu mpaka pumzi inamkata, na kila akipita mbele ya kioo anamwona Toinon na madoadoa yake. Usingizi ulimkimbia. Mlango ukigongwa, moyo unamlipuka. Mtu akikohoa barabarani, anadhani ni ishara.

Mpishi wao, Bi Bénigne, ndiye aliyemwita jikoni asubuhi moja, mikono yake imejaa unga mpaka kwenye viwiko.

"Bi mdogo, mimi nimezaa kikosi kizima. Usinifiche."

Apolline akaanza kulia.

"Lia, lakini ulie ukitembea. Nenda kaandikishe kabla tumbo halijakusemea. Usifanye kama yule maskini wa Mungu."

"Kwa hakimu wa mji? Yule anakula mkononi mwa baba. Kabla sijafika nyumbani, baba atakuwa ameshajua."

"Basi umtangulie. Mwambie mwenyewe."

"Ndiyo," Apolline alisema, akifuta macho, na ghafla akaona mwanga. "Baba ataelewa. Baba si kama wanaume wengine. Miaka yote hii amekuwa akisema nini?"

Bi Bénigne akaukanda unga, akaugeuza, akaukanda tena. "Bi mdogo, mkuki kwa nguruwe..." alianza, lakini hakumalizia. Akajifanya kutafuta chumvi.

Alimkuta baba yake maktabani. Rafu zilikuwa zimebaki mapengo kama kinywa cha mzee. Mikono ya shati lake jeupe ilikuwa na majivu, na kutoka jikoni kulikuwa kumeanza kupanda harufu nzito ya ngozi inayoungua. Apolline hakuwahi kumwona baba yake akifanya kazi kwa mikono.

"Vitabu, Baba?"

"Vichache tu. Vilikuwa vimeliwa na panya. Unataka nini, mwanangu?"

Akamwambia. Alimwambia wima, bila kuinamisha kichwa, kwa maneno yaleyale aliyoyasikia mezani: asili, mapenzi, hiari. Baba yake alisikiliza ameshika kitabu. Alipomaliza, baba hakuanza kwa kuuliza mwanamume ni nani. Aliuliza, "Nani mwingine anajua?"

"Bi Bénigne."

"Na mwanamume?"

"Florent."

Kitabu kikatua mezani polepole sana. "Mtu anayetafutwa na mwendesha mashtaka," alisema, kana kwamba anajisomea mwenyewe. Kisha akamsogelea, akamshika mabega, akambusu kwenye paji la uso. "Umefanya vizuri kuniambia. Sasa kaa ndani. Usiende sokoni, usiende kanisani. Nitalitengeneza jambo hili."

Apolline alitoka amepungukiwa mzigo, anataka hata kuimba. Alipofika katikati ya ngazi ndipo miguu ikamsimama. Midomo iliyombusu ilikuwa baridi. Na tangu alipotamka jina la Florent, baba yake hakumtazama machoni hata mara moja.

Kesho yake Bi Bénigne hakuwapo. Wakasema amepewa ruhusa. Mahali pake akaja mwanamke mrefu, mfupa mtupu, asiyesalimia wala kujibu, ambaye mkeka wake ulitandikwa nje ya chumba cha Apolline. Apolline akienda bustanini, yeye yupo. Akifungua dirisha, yeye anakuja kulifunga. Baba akawa mpole kupita kawaida. Alimletea matunda ya sukari. Alimwuliza kama amelala. Upole ule ulimtisha Apolline kuliko kipigo, maana mtu huchunwa ngozi akiwa amepakatwa.

Ndipo Padre Roussignol alipokuja kumtembelea. Zamani alikuwa akivaa koti fupi la hariri na soksi za rangi ya njiwa. Siku hiyo alivaa kanzu nyeusi mpaka chini, na shingoni ana msalaba mkubwa wa mbao.

"Apolline, mwanangu katika Kristo," alisema.

"Padre, wewe si huamini?"

Akageuka haraka kutazama mlango. "Punguza sauti! Siku hizi wote tunaamini."

Akaketi ukingoni mwa kiti, akaanza kumsemesha mambo ya subira na utii. Alikuwa akitoka jasho. Kisha, pengine kwa kutaka kumfariji, akasema, "Na huko Nyumba ya Toba, nasikia hewa ni nzuri. Masista wana bustani."

Apolline akamsogelea. "Nyumba gani?"

Padre alikuwa amedhani Apolline ameshaambiwa. Akataka kuinuka, lakini Apolline alimshika kanzu kwa mikono miwili, akaing'ang'ania.

"Niambie, ama nitapiga kelele mpaka mtaa wote usikie ulichokuwa ukisema mezani kwetu."

Akamwambia kwa kunong'ona, maneno yakimtoka kama mtu anayetapika. Baba yake ameomba amri ya mfalme yenye muhuri, ile inayomfunga mtu bila kesi. Amri imeshafika. Sikukuu ya Ekaristi ikipita tu, afisa atakuja na gari lililofunikwa, kimya kimya. Apolline ataandikwa huko kwa jina lingine. Mtoto atachukuliwa akizaliwa. Mjini watu wataambiwa amekwenda kwa jamaa wa mama yake.

"Kwa muda gani?"

"Amri hizi hazina muda. Mpaka baba yako aombe ufunguliwe."

"Na asipoomba? Na akifa?"

Padre akaivuta kanzu, lakini Apolline hakuiachia.

"Kwa nini, Padre? Yeye mwenyewe ndiye aliyesema si dhambi!"

"Anaogopa, Apolline. Jina la Daubrac liko kwa mwendesha mashtaka. Ikijulikana kuwa mjukuu wa jaji ni damu ya Daubrac, watauliza walikutana wapi. Wataigusa ile meza. Na mezani tulikuwapo wote." Akajinasua, akakung'uta kanzu. "Mimi sijakwambia kitu. Kwa jina la Mungu, sijakwambia kitu!"

Ilikuwa mara ya kwanza Apolline kumsikia akilitaja jina hilo bila kucheka.

Alipobaki peke yake alikaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta. Kufa alikuwa ameshakufikiria. Hili la kubaki hai bila jina, katika chumba ambacho ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu anayeweza kusahau, hakuwa amelifikiria. Shuleni masista walikuwa wakisimulia habari za mwanamke mmoja aliyefungiwa na kaka zake, akazeeka humo, na kaka walipokufa hakuna aliyejua tena kosa lake lilikuwa nini. Wakati ule wasichana walicheka.

Sikukuu ikafika na jua kali. Usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha, na njia nzima ilikuwa tope na mavi ya farasi, juu yake wamemwaga maua. Bwana de Chavannoy, ambaye miaka yote siku hiyo huwa "anaumwa", aliamuru mazulia mazuri kuliko yote yatundikwe ukutani upande wa barabarani. Akawapanga watumishi mlangoni. Apolline naye alivishwa shali pana, akasimamishwa kando ya baba yake, maana jirani wangeuliza: binti wa jaji yuko wapi siku kama ya leo? Baba alimshika kifundo cha mkono. Hakumwumiza, lakini hakumwachia.

"Piga magoti ninapopiga," alimwambia bila kugeuza midomo. "Tabasamu kidogo."

Kengele zikasikika. Wakaja watoto wenye vikapu vya maua, wakaja watawa, kisha mwavuli mkubwa wa dhahabu, chini yake askofu ameinua Sakramenti. Bwana de Chavannoy akavua kofia, akapiga magoti kwenye tope na soksi zake nyeupe. Mwendesha mashtaka alikuwa anapita nyuma ya mwavuli, macho yake yakitembea nyumba hadi nyumba. Baba akamwona. Na ili aonekane vizuri, akainua mikono yote miwili, akajipiga kifua kwa sauti: "Nimekosa! Nimekosa sana!"

Mikono yote miwili.

Apolline hakufikiri. Aliinuka, akapiga hatua mbele, akaingia ndani ya maandamano katikati ya wanawake wenye mishumaa. Mwanamke mmoja akamsogezea nafasi bila kumtazama, na wimbo ukamfunika. Alipogeuza shingo alimwona baba yake bado yuko chini, tope limemfika mapajani, mdomo wazi. Hakuweza kuinuka, maana Sakramenti ilikuwa mbele yake na mwendesha mashtaka anamtazama. Macho yake tu ndiyo yaliyomfuata, na Apolline akayahisi mgongoni hata baada ya kukata kona.

Akatembea akiangaza huku na huku, mpaka alipoliona shali jeusi alilokuwa akilitafuta. Aliyelivaa alikuwa dada mkubwa wa baba yake, Bi Scholastique, aliyeishi peke yake kwenye nyumba nyembamba karibu na kanisa, akifunga na kusali na kulaani mvinyo. Mezani kwa kaka yake walimwita Kunguru, na Apolline alikuwa amelicheka jina hilo pamoja nao.

"Shangazi," alinong'ona. "Nisaidie, nakufa."

"Nyamaza. Bwana wetu anapita."

Hakusema neno jingine mpaka maandamano yalipokwisha. Kisha akamshika mkono kama anavyoshikwa mtoto mtukutu, akampeleka kwake, akapiga komeo. Jikoni, mbele ya meko, alikuwa ameketi Bi Bénigne akimenya viazi. Apolline alipomwona alimwangukia shingoni.

"Huyu alifukuzwa bila mshahara," alisema Bi Scholastique. "Nimemchukua. Ameshanieleza yote, na ya vitabu pia. Simama hapa nikuone. Umezini?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Umetubu?"

Apolline akatafuta jibu ndani yake, akitamani sana kulipata. "Naogopa, Shangazi. Lakini kuogopa si kutubu."

Shangazi akamkazia macho yake makavu. "Angalau husemi uongo. Nimesikia mnaniita Kunguru huko kwenu."

"Ndiyo."

"Kaa. Kula. Mtoto hana kosa."

Asubuhi ya pili, soko lilipokuwa limechangamka, gari jeusi lililofungwa mapazia lilisimama mbele ya mlango. Apolline alisikia farasi wakipuliza pua. Akasikia hatua za buti, kisha mlango ukagongwa kwa adabu.

"Bi Scholastique de Chavannoy? Natafuta binti wa kaka yako. Yuko humu?"

Apolline, nyuma ya pazia la jikoni, alimwangalia shangazi yake kwa macho ya kuomba. Neno moja tu lilitosha: hayupo. Lakini shangazi akajibu, "Yuko."

"Basi nifungulie, kwa jina la mfalme."

"Nafungua, usipige kelele. Bénigne, mletee shali. La, si hilo pana. Lile dogo."

Akaifungua milango yote miwili, wazi kabisa, akatoka nje amemshika Apolline mkono, na Apolline hana cha kujifunikia, tumbo limetangulia mbele yake. Afisa alikuwa mtu wa makamo, mpole, amezoea kazi yake kufanyika mahali palipofungwa. Akarudi nyuma hatua moja.

"Tunakwenda kwa hakimu," alisema Bi Scholastique, na sauti yake ya kuimbia zaburi ikafika mpaka kwa wauza kabichi, "kuandikisha mimba ya binti huyu, kama sheria ya mfalme inavyotaka. Utamzuia mtu kutii sheria ya mfalme?"

"Bibi, tafadhali, nina maagizo, jambo hili lifanyike bila..."

"Bila watu kujua? Umechelewa. Watazame."

Wauza kabichi walikuwa wameshasimama. Mwanamke mmoja mwenye kikapu cha mayai akauliza kwa sauti, "Jamani, si mtoto wa jaji huyo? Yule aliyemnyonga Toinon?" Neno likaruka kutoka meza hadi meza.

Wakaanza kutembea. Afisa hakujua afanye nini, akapanda gari, akaliamuru lifuate nyuma kwa mwendo wa miguu. Njia ile haikuwa ndefu, lakini Apolline aliona haina mwisho. Magurudumu yalikuwa yakisaga mawe nyuma ya visigino vyake. Kila yalipopunguza mwendo, alisubiri mkono umwangukie begani. Watu walitoka madukani. Wengine walifanya ishara ya msalaba, wengine walizomea. Mshona glavu alisimama mlangoni pake, akamtemea mate karibu na kiatu. Shangazi hakugeuza kichwa. "Tazama mbele," alisema kwa meno. "Pumua. Tazama mbele."

Karani wa hakimu alipoona ni nani aliyeketi mbele yake, alikwenda mbio kumwita bwana wake. Hakimu mwenyewe aliingia akiwa amevaa wigi upande. Akauliza jina. Akauliza umri. Akauliza jina la mwanamume.

"Florent Daubrac, tabibu."

"Alikulazimisha?"

"Hapana."

"Alikuahidi ndoa?" Hakimu akainama mbele, na sauti yake ikawa laini. "Fikiri vizuri, binti. Ikiwa alikuahidi ndoa, basi alikuhadaa, na kosa ni lake. Yeye atahukumiwa kifo, hata kama hayupo. Wewe utahurumiwa."

Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yake, angepita tu. Apolline alifikiri juu ya yule mtu aliyemwacha na kukimbia, akaona hasira, akaona na vile vidole vya wino. Aliogopa sana wakati ule, lakini alikuwa amechoka kuona watu wakiokoka kwa shingo za wengine.

"Hakuniahidi kitu," alisema. "Nilitaka mwenyewe."

Karani akaacha kuandika. Bi Scholastique akafumba macho, midomo ikicheza kwa sala. Hakimu akajifuta jasho, akasema, "Iandikwe hivyo."

Bwana de Chavannoy aliwakuta kwenye ujia, amevaa joho jekundu la mahakama, afisa yuko nyuma yake.

"Dada, umeniua," alisema.

"Hujafa. Unaona aibu tu, ile unayosema haipo."

"Amri ya mfalme ninayo. Bado naweza."

"Unaweza. Itumie." Bi Scholastique akamsogelea mpaka pua zao zikakaribiana. "Ila kwa kuwa sasa mji wote unazungumza, mwendesha mashtaka atakuja kuniuliza: kwa nini moshi wa jikoni kwa kaka yako ulinuka ngozi ya vitabu? Mimi sitamfuata. Lakini akiniuliza, nitamjibu. Unanijua tangu utoto, Théodule. Mimi sisemi uongo."

Rangi ya uso wa jaji ikageuka kuwa kama nta. Alisimama hivyo, joho lake likionekana kubwa kuliko yeye, kisha akamwambia afisa bila kumgeukia kwamba mambo yamebadilika, kwamba atamwandikia waziri.

"Baba," alisema Apolline.

Akamtazama, hatimaye. Apolline alikuwa amejiandaa kuona chuki. Alichokiona kilimwumiza zaidi. Baba yake alikuwa anamwogopa.

Mtoto alizaliwa wakati wa mavuno ya zabibu, msichana mwenye sauti kubwa, wakambatiza Reine. Kwa muda mrefu baada ya hapo, gari lolote likisimama mtaani, Apolline alimnyakua mtoto kitandani na kukaa naye pembeni mwa chumba mpaka liondoke. Habari zikaja kwamba Florent amemwoa mjane wa mtengeneza saa huko Neuchâtel na ana wagonjwa wengi. Yule mwuza vitabu alifungwa, waendesha mashtaka wakachoka, na majira ya baridi yaliyofuata meza ya Bwana de Chavannoy ilijaa tena. Padre Roussignol alirudia soksi zake za rangi ya njiwa. Jaji hakuvuka kizingiti cha dada yake, wala binti hakualikwa kule.

Bi Scholastique hakumsamehe Apolline, na alimwambia hivyo waziwazi. Kila jioni alimpigisha magoti kando yake juu ya mawe baridi, akamsomesha sala moja baada ya nyingine, na Apolline alizisema asijue kama anaamini au la, mtoto akiwa amelala kwenye kikapu kati yao.

Jioni moja, katikati ya sala, Apolline alishindwa kujizuia.

"Shangazi, siku ile tunakwenda kwa hakimu, gari liko nyuma yetu. Wewe hukuogopa hata kidogo?"

Mwanamke yule hakufumbua macho.

"Niliogopa mpaka nikajikojolea," alisema. "Haya, sema sala."